Kanuni za Mzee Tulia

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja wake. Alikuwa fundi cherehani, na gauni lake lingeweza kuwa na kosa popote pengine lakini si kwenye pindo. Pindo alilishona kwa mkono, kwa mishono midogo ambayo ukiitafuta unaumwa shingo. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembe moja, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta wa kutundikia nguo zilizokwisha.

Kushona hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa picha. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtafutia wateja kwa simu, alimwambia jambo lile lile karibu kila siku.

"Dada, hili gauni nikilishika mkononi natamani nilivae mimi. Nikilitazama kwenye picha yako, natamani nifutie meza."

Na kweli. Gauni la kijani kibichi lilitoka jeusi. La njano lilitoka kama limening'inizwa moshini mwezi mzima. Aliyelivaa alitoka hana shingo, au ana shingo na hana miguu, na nyuma yake ndoo ya maji imesimama wima kama nayo imealikwa.

Penye wengi pana mengi, na Mama Pindo aliyapata yote. Mdogo wake alimwambia asogee karibu, watu wanataka kuona kitambaa. Mumewe, fundi bomba ambaye maisha yake yote hajapiga picha isipokuwa ya mabomba yanayovuja, alimwambia arudi nyuma, "ili mtu aone inapoanzia na inapoishia." Muuza simu alimwambia simu yake ina macho mawili tu, wenzake siku hizi wananunua ya manne. Mwalimu mmoja wa kwenye video alimfundisha kuigawa picha vyumba tisa na kutomweka mtu katikati hata siku moja. Mama Pindo akamweka mdogo wake pembeni, gauni likatoka nusu, kama linatoroka. Video iliyofuata, mwalimu mwingine akasema katikati ndipo jicho linapotua. Jirani akasema tatizo ni giza, awashe taa ya simu. Akaiwasha. Uso wa mdogo wake ukang'aa kama sahani na ukuta wa nyuma ukapotea.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Mama Pindo akiinua tu simu alishikwa na kizunguzungu. Miguu yake ilikuwa inaenda mbele na kurudi nyuma kama ya mtu anayevuka barabara na hajui gari litatokea upande gani.

"Kitambaa nikikosea nakifumua," alimwambia mumewe. "Hii nafumua wapi?"

"Mimi bomba likinishinda naenda kwa aliyelifunga," mumewe alisema. "Nenda kwa mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Mzee Tulia. Studio yake ilikuwa nyuma ya duka la dawa, chumba kimoja chenye dirisha kubwa na pazia jeupe jepesi, kiti cha mbao, na kamera nzito iliyokaa kwenye stendi ya miguu mitatu. Kwa miaka arobaini alikuwa amewapiga picha watu wa mji ule: za vitambulisho, za harusi, za watoto siku ya kwanza ya shule. Jina lake lilitokana na neno alilolisema kabla ya kubonyeza, "tulia," kwa sauti ya chini sana, na ilisemekana hata mtoto mwenye kuota meno alitulia. Alikuwa mrefu, shati limechomekwa, na kofia ya ukingo mpana haikutoka kichwani hata akiwa ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

Mama Pindo alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake. Akajitambulisha, akaeleza shida yake, akatoa simu amwonyeshe picha zake mbaya.

"Simu irudishe mkobani," mzee alisema. "Una kigoda nyumbani?"

"Ninacho."

"Kiweke karibu na dirisha. Kitazame wiki nzima. Asubuhi, mchana, jioni. Usikipige picha. Halafu njoo uniambie mwanga umekifanya nini."

"Kigoda, mzee? Mimi nauza magauni."

"Kigoda hakichoki kusimama. Nenda."

Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Lakini alikuwa amefundishwa kazi na mama yake, ambaye alimshonesha kitambaa kitupu miezi miwili kabla ya kumkabidhi hata mfuko wa suruali, kwa hiyo alijua mafunzo mengine huanza kwa namna ya kijinga. Akakiweka kigoda. Wateja waliotaka kukikalia waliambiwa hapana, kiko kazini. Mumewe kila akirudi aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Wiki ilipokwisha alikaa kwenye kiti cha studio akasema alichoona, kwa maneno aliyokuwa nayo.

"Asubuhi kivuli chake ni kirefu na kingo zimefifia. Kama kitambaa kilichochanwa kwa mkono, nyuzi zinaning'inia. Saa sita kimekatwa kwa mkasi. Kifupi, cheusi, kiko chini ya kigoda chenyewe. Jioni kinarudi kirefu lakini kimegeukia upande wa pili, na mguu mmoja wa kigoda, ule wa karibu na dirisha, una mstari wa njano mwembamba kutoka juu mpaka chini. Kama mshono wa juu."

Mzee Tulia aliinamisha sikio upande wake.

"Rudia hapo pa mguu," alisema.

Akarudia. Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

Tangu siku hiyo alimfundisha. Kila Jumanne na Alhamisi Mama Pindo alikwenda saa mbili asubuhi, na kila alichoambiwa alikiandika kwenye karatasi ya kukatia patani za nguo aliyoibana ukutani kwa pini, juu ya cherehani. Afute lenzi kabla ya lolote, kwa sababu nusu ya ukungu wa picha za watu ni mafuta ya vidole vyao. Mtu akae ubavuni mwa dirisha, asiligeuzie dirisha mgongo. Viwiko avibane mbavuni, atoe pumzi, ndipo abonyeze. Kabla ya kubonyeza atembeze jicho pembe zote nne za picha, kama anavyokagua pindo, na ndoo yoyote atakayoikuta aitoe kwa mkono wake. Asimkate mtu kwenye kiungo, si gotini wala kwenye kifundo. Kama ni kukata, akate penye nyama. Atazame mikono ya mtu, maana uso ukishajua unatazamwa unadanganya, mikono haijui. Asitoke nje na mtu kati ya saa nne na saa tisa. Nguo nyeupe asiipige juani hata kwa kuombwa.

Na kanuni iliyokuwa kubwa kuliko zote: picha isiyosimulika si picha. Kila picha aliyoileta ilibidi aisimulie. Mzee aliipokea simu, akailaza kifudifudi mapajani, akasema, "Haya, nipe."

"Mdogo wangu amekaa. Dirisha liko kushoto kwake. Shavu la kushoto limeng'aa, la kulia lina kivuli, lakini jicho la kulia bado linaonekana. Gauni la samawati. Mkunjo wa kiunoni una giza ndani yake."

"Giza la namna gani?"

"La kina. Ungeweza kuingiza kidole."

"Vizuri. Hiyo ni picha."

Hakuigeuza simu hata mara moja. Mama Pindo alilishangaa jambo hilo, lakini mwalimu akiwa na mwenendo wake mwanafunzi hamuulizi. Aliyashangaa na mengine. Mzee alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi, akaendelea kumimina. Alimwita kwa jina baada tu ya kusikia sauti yake. Mama Pindo akaweka yote hayo kwenye fungu la uzee.

Picha zikawa nzuri, tena si nzuri za kubahatisha. Magauni yakaanza kuonekana na uzito wake, hariri ikaonekana hariri. Mdogo wake aliacha kulalamika, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga vigelegele. Mafundi wawili wa mtaa wa pili walikuja kuomba wanakili ile karatasi ya ukutani, na Mama Pindo akawaruhusu.

Mwezi wa tatu, Mzee Tulia akamwambia, "Jumamosi nina picha ya pamoja chuo cha wauguzi. Wanahitimu. Njoo unishikie begi."

Walipofika, mkuu wa chuo alikuwa tayari ameshawapanga kwenye ngazi za mbele, wahitimu arobaini na wawili, wote wamevaa sare nyeupe, jua la saa sita kamili limewakalia utosini. Mama Pindo alisubiri mzee akatae. Nguo nyeupe, na saa sita. Zilikuwa kanuni mbili zimevunjwa kwa mpigo mmoja.

"Hatuwezi kungoja jioni?" mzee aliuliza.

"Wana mabasi ya kuwahi," mkuu alisema.

Mzee alishusha ukingo wa kofia. Akafungua stendi kwa kupapasa, akafunga kamera juu yake, akainama. "Tulia," akasema, na watu arobaini na wawili wakatulia. Akabonyeza mara tatu. Kisha akamsogezea Mama Pindo kamera.

"Angalia kioo. Wa nyuma kuna aliyefumba?"

Mama Pindo alitazama kioo cha kamera. Alichokiona kilikuwa mtungi wa maua. Ulikuwa chini ya ngazi, mbele kabisa, na ulionekana vizuri mno, jani kwa jani. Nyuma yake kulikuwa na weupe, kama shuka lililoanikwa, na ndani ya weupe huo vichwa visivyo na nyuso. Upande wa kushoto picha ilikatikia katikati ya mtu.

Aliinua macho kumtazama mzee. Mzee alikuwa amegeuza uso, anatabasamu kuelekea pale mkuu wa chuo alipokuwa amesimama mwanzo. Mkuu alikuwa ameshaondoka hapo kitambo.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kushoto hawamo."

"Waambie wasogee."

"Mzee. Hayumo hata mmoja."

Kwenye ngazi mtu alicheka, mwingine akajipepea kwa kofia yake.

"Unaona nini?" mzee aliuliza.

"Mtungi wa maua."

Tabasamu lilibaki usoni pake kwa sababu hakuwa na wakati wa kuliondoa. "Basi piga wewe," alisema, midomo haichezi. "Pete ya mbele, izungushe polepole mpaka nyusi za mtu wa katikati zihesabike."

Mama Pindo akainama kwenye stendi. Hajawahi kuishika kamera ile. Akazungusha. Mtungi wa maua ukayeyuka na nyuso zikaanza kuja moja moja.

"Zinahesabika."

"Sare zimeungua?"

"Zimeungua. Ni nyeupe tupu."

"Gurudumu la kidole gumba. Lirudishe kulia mara tatu."

Akalirudisha. Vifungo vikaonekana kwenye sare, kisha mifuko, kisha mistari ya pasi. Lakini vivuli vya kofia vilikuwa vimewafunika macho wote. Mama Pindo alisimama kidogo, akafikiri, kisha akawapigia kelele wapande ngazi nne, waingie chini ya kivuli cha paa. Mkuu alianza kulalamika kwamba jina la chuo halitaonekana. Mama Pindo, ambaye kwa kawaida hawezi kubishana hata na muuza vifungo, alimwambia watu hawaweki ukutani jina la chuo, wanaweka sura za watoto wao. Akatembeza jicho pembe nne. Akautoa mtungi wa maua kwa mkono wake. Akabana viwiko, akatoa pumzi, akasema, "Tulia."

Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake aliona aibu, kama aliyevaa viatu vya mwenyewe mbele ya mwenyewe. Lakini walitulia.

Walipomaliza walikaa kwenye benchi la nje ya geti, begi katikati yao.

"Tangu lini, mzee?"

"La kushoto, mvua za mwaka juzi. La kulia likafuata, kama ndugu. Kama mtu amening'iniza pazia la bafuni mbele ya kila kitu. Na mwanga mkali unanichoma, kila taa ina ndevu."

"Umekwenda hospitali?"

"Nilikwenda. Wanaita mtoto wa jicho. Daktari akasema atapasua, kama anayezungumzia kumenya kitu." Mzee alikuna goti. "Mwenzangu mmoja wa kazi alipasuliwa. Hakushika kamera tena. Mimi kidogo nilichobaki nacho ni changu."

Likamjia Mama Pindo jambo ambalo hakulitaka.

"Kile kigoda," alisema.

"Kigoda kilikuwa somo."

"Somo la nani?"

"Muda mrefu sijaona kivuli chenye ukingo," alisema. "Uliposema kimekatwa kwa mkasi, nilikiona. Nilikiona, mwanangu. Nisamehe. Lakini kilikuwa somo pia."

"Na mama nyumbani anajua?"

"Hajui. Na usimwambie."

Wiki iliyofuata Mama Pindo alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, jambo ambalo halijamtokea tangu usichana. Alifumua, akashona tena, akakosea tena. Alikuwa na hasira, lakini kila alipotaka kuikalia hasira hiyo alikuta picha zake ni nzuri, na aliyezifanya ziwe nzuri ni mzee yule yule. Sasa amefundishwa au ametumiwa? Na kama ni vyote viwili, amshukuru kwa kipi na amlaumu kwa kipi? Aliitazama ile karatasi ukutani. Asitoke nje kati ya saa nne na saa tisa. Mwanga mkali unanichoma, alisema. Nguo nyeupe asiipige juani. Kila taa ina ndevu. Ikawa kila mstari anaousoma hajui unatoka kwenye miaka arobaini ya kazi au kwenye jicho bovu.

Hakumwambia mtu, hata mumewe. Jumanne alikwenda, akasimulia picha zake. Alhamisi pia.

Kisha mke wa Mzee Tulia akaja mwenyewe. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliyezalisha karibu nusu ya watu waliokuwa wakipita barabarani pale. Alileta kitambaa cha samawati, akasimama apimwe.

"Mume wangu anakusifu," alisema, mikono ameinua.

"Ananifundisha vizuri, mama."

"Anasema hiki kitambaa ni cha kijani kizuri."

Tepu ya kupimia ilisimama kifuani pake.

"Pima, mwanangu, mkono unachoka. Najua. Nilijua kabla yake. Mtu anayehesabu hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni, utashindwaje kujua? Nilingoja aniambie. Mimi si mtu wa kumvuta mtoto kabla ya wakati. Mwaka jana alikuwa karibu. Alianza kujikwaa, alianza kukosea wateja, akaanza kuulizauliza gharama za hospitali kwa kuzungukazunguka. Nikasema, haya, uchungu umeanza." Alishusha mikono. "Halafu ukaja wewe."

"Mimi?"

"Sasa anarudi nyumbani ananieleza mashavu yaliyong'aa na mikunjo yenye kina. Ana furaha. Mtu mwenye macho ya kuazima atapasuliwa ya kwake kwa sababu gani?"

Aliyasema bila ubaya wowote, na ndiyo maana yalimwingia Mama Pindo. Alikaa muda mrefu na kile kitambaa mapajani. Alikuwa ameiona siri ile kama mzigo aliombebea mzee. Haikumpitia kichwani kwamba huenda yeye mwenyewe ndiye mzigo.

Jumanne alikwenda studio na picha mpya. Mzee akailaza simu mapajani kifudifudi.

"Haya, nipe."

"Leo sisimulii, mzee."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni picha ya mama. Amevaa gauni nililomshonea. Ni picha bora niliyowahi kupiga. Igeuze uitazame."

Aliona vidole vya mzee vikiishika simu, vikiigeuza, vikiipeleka karibu na pua, kisha karibu na dirisha, kisha kwenye kivuli. Dakika ilipita. Mama Pindo alitamani kusema. Maneno yote yalikuwa tayari ulimini: amekaa, kichwa ameinamisha kidogo kama anayesikiliza mlango, mkono mmoja juu ya mwingine. Akauma mdomo.

"Anacheka?" mzee aliuliza.

Mama Pindo aligeukia dirisha.

"Nimekuuliza kitu kidogo. Mke wangu anacheka au hacheki?"

"Mzee, mimi nikikuambia, utakuwa umemwona nani?"

Mzee Tulia aliiweka simu juu ya meza, akakosea, ikaanguka sakafuni. "Nenda," alisema. "Nenda na usirudi. Ulikuja hapa huwezi kupiga hata kigoda."

Aliiokota simu, akaenda. Njiani hakuelewa kama amefanya jambo jema au ukatili tu, na siku zilizofuata hazikumsaidia kuelewa. Studio ilikuwa imefungwa Alhamisi. Jumanne pia. Mumewe alimuuliza kama mgonjwa wa kigoda amefariki, akaona uso wake, akaacha utani.

Habari zilikuja kupitia duka la dawa. Mzee amepasuliwa jicho la kulia. Baada ya wiki kadhaa litafuata la kushoto. Mama Pindo alitaka kwenda kumjulia hali lakini alikuwa ameambiwa asirudi, na yeye ni mtu wa kushika neno hata linapomchoma.

Ikapita miezi miwili. Siku moja mchana, akiwa anatia pasi, mlango wa chumba cha mbele ulifunguliwa bila hodi na Mzee Tulia akaingia, mkewe nyuma yake. Hakuwa na kofia. Kipara chake kilikuwa cheupe kuliko uso, kama cha mtu mwingine.

"Wamenibadilishia lenzi," alisema. "Zote mbili."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe uko hivyo." Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, bila haya, kama mtoto. "Nilidhani wewe mnene. Sauti yako nene."

Mkewe alivuta kigoda akakaa. Mzee akaanza kuzunguka chumba. Alitazama kioo kilichopasuka, nguo kwenye waya, rangi za nyuzi, akizitaja kwa sauti, huu mwekundu, huu wa damu ya mzee. Kisha akaomba simu. Safari hii hakuilaza mapajani. Alizitazama picha zote, za miezi yote, kimya kimya, kidole kikisukuma. Mama Pindo alisimama na pasi mkononi mpaka mama mkunga akamwonyesha kwa jicho kwamba inaunguza shuka la meza.

"Mbona watu wote umewaweka gizani?" mzee aliuliza hatimaye.

Mama Pindo hakujua acheke au alie. "Ni wewe uliyesema, mzee. Wakae ubavuni mwa dirisha. Wasitoke nje."

"Nilisema hivyo?"

"Iko ukutani hapo."

Mzee aliisogelea karatasi, akaisoma bila miwani, na kwa sehemu fulani alionekana anasoma maneno ya mtu asiyemjua. "Futa lenzi, sawa. Viwiko, sawa. Pembe nne, sawa kabisa, hiyo nilifundishwa na mwalimu wangu." Kidole kikasimama. "Hii ya saa nne na saa tisa." Alifikiri. "Zamani nilikuwa napiga saa sita. Nadhani. Kuna picha zangu za mpira zote ni za mchana. Lakini hata wakati huo mwalimu wangu alikuwa akinigombeza." Akakuna kipara. "Au aliyenigombeza ni jicho."

"Na nguo nyeupe?"

"Hiyo ni ya jicho. Ifute." Kisha akasema, "Ngoja, usiifute."

"Mzee, mafundi wawili wamenakili karatasi hiyo. Wanaifuata. Niwaambie nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Lakini picha ni nzuri?"

Mzee alirudi kwenye simu, kwenye picha moja tu. Mama Pindo aliijua bila kuchungulia. Mkunga amekaa, gauni la samawati, mkono juu ya mkono.

"Hii ni nzuri," mzee alisema polepole. "Lakini sielewi. Kwa ninavyoona sasa ningemtoa nje, jua limpige, rangi hii iimbe. Na kama ningemtoa nje isingekuwa hii. Nimekufundisha kwa ugonjwa, na ugonjwa umefundisha vizuri. Sasa nimepona na sijui nikufundishe nini."

"Anacheka," Mama Pindo alisema. "Uliniuliza siku ile."

"Naona. Kwa upande mmoja."

Mkewe aliinuka kutoka kwenye kigoda, akajinyoosha gauni, ambalo leo pia alikuwa amelivaa. "Nyie wawili mtazeeka humu ndani mkibishana na karatasi," alisema. "Nje kuna jua. Mimi nipo. Si mjaribu?"

Ilikuwa saa saba. Walitoka barabarani, mzee na kamera yake nzito, Mama Pindo na simu yake. Joto lilikuwa limewafukuza watu wote vibarazani. Mkunga akasimama katikati ya mwanga, mkono umekinga uso, samawati ya gauni lake inawaka kiasi kwamba Mama Pindo alirudi nyuma hatua moja bila kukusudia. Akasogea mbele. Akarudi tena.

"Haya, semeni," mkunga alisema, macho ameyakunja. "Nitazame wapi?"

"Huku," mzee alisema.

"Kule," Mama Pindo alisema, kwa wakati ule ule, akionyesha upande wa pili.

Wakatazamana. Mkunga alishusha mkono, akawacheka wote wawili, na kila mmoja akabonyeza.